Pikipiki Iliyozibwa kwa Pamba na Mawese

Dola mia nne na thelathini na mbili. Nimehesabu mara mbili, kwanza kwa vidole, kisha kwa simu, na simu iliniongezea dola mbili ambazo vidole vilinionea huruma. Humo ndani mna pikipiki yenyewe, fundi wa Nundu, petroli iliyomwagika njiani, na sahani za bugali nilizokula bila njaa ili tu niketi karibu na watu. Pikipiki hiyo leo sinayo. Ndiyo sababu nyinyi wenzangu wa soko la Baraka mnaniuliza kila asubuhi imekwenda wapi, nami kila asubuhi nawajibu kwa neno moja, maana mteja wa ndagala, visamaki hivi vya ziwani, hasubiri hadithi. Basi hadithi yenyewe hii hapa, nzima. Msiniulize tena nikiwa nimeshika mizani.

Wengi wenu mnamjua Wabiwa, mtoto wa marehemu dada yangu. Baba yake naye alishatangulia. Miaka yote ya shule alikaa kwangu, chumba kile cha upande wa barabara, kisha akapanda Fizi kumtunza bibi yake mzaa baba. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Nikabaki na redio, nayo huongea ikitaka.

Nilikuwa Makobola nikifuatilia magunia yangu ya ndagala, siku ya Jumatano, bibi wa Wabiwa aliponipigia simu kutoka Fizi. Huyo mama hushika simu mbali na mdomo, kama inauma.

"Jumamosi bageni banaleta mahari ya Wabiwa. Ni bantu ba ku ziwa. Kuja useme juu yetu, sisi huku hatujue bei. Kama haujafika mbele baikale chini, mutu mwingine atasema."

Mtandao ukakatika. Sikuuliza hata jina la bwana arusi. Nilichosikia ni kwamba mtoto niliyemfunga kamba za viatu anachukuliwa, na kwamba kiti cha mjomba kitakaliwa na mtu mwingine nikichelewa.

Makobola: bei

Lori lililonileta lilikuwa limelala ubavu mtoni, na dereva wake amelala kivulini mwake, kwa hiari. Pikipiki za abiria kwenda kusini zilikuwa zimepandisha bei kwa sababu ya matope. Hapo ndipo nilipoiona ile, imeegeshwa chini ya kibanda cha kuuzia vocha: nyekundu, kuukuu, kiti chake kimefunikwa kwa turubai ya buluu. Aliyeiuza hakuwa mwenyewe bali komisiyoneri, yaani dalali, kijana mwenye kofia na maneno mengi.

"Papa, iyi moto iko muzima, sawa kijana," akasema, akiipigapiga pikipiki kiti.

"Kijana gani anakohoa vile?"

"Ni baridi ya asubui."

"Saa sita ya mchana?"

Akatazama jua, akahamia kwenye matairi. Nilikagua kila kitu. Nilihesabu magurudumu mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa mawili. Alitaka mia tano na hamsini. Nikasema mia mbili na hamsini. Tukacheka wote wawili, kila mtu kwa sababu zake.

"Papa, mwenyewe atalia! Yee alitaka mia tano, na iko na haraka, analomba feza mbele ya Jumamosi."

Komisiyoneri wangu, siku moja utajifunza kutomwambia mnunuzi kwamba mwenye mali ana haraka. Mimi pia nilikuwa na Jumamosi yangu, lakini nilikuwa nimeifungia mfukoni. Nikaketi juu ya jiwe, nikamenya karanga, nikamwacha aongee na mwenyewe kwa simu mara tatu. Karanga zilipokwisha bei ilikuwa mia tatu na kumi.

Nilijipongeza, sitawaficha. Hesabu yangu ilikuwa hii: mjomba anayefika kwa pikipiki yake mwenyewe husikilizwa kuliko mjomba anayeshushwa na mtu mwingine. Mbuzi wawili watatu wangeongezeka kwa mlio wa injini tu. Nikapita kaburi la pamoja la wale waliouawa pale Makobola polepole, bila honi, kama kila mtu apitavyo, kisha nikakaza mwendo kuelekea kusini.

Makobola hadi Nundu: povu

Mvua ilinikuta kabla ya Mboko. Mvua ya kawaida, siilaumu. Jambo lisilo la kawaida ni kwamba pikipiki ilianza kutoa povu. Lilianza kidogo chini ya tanki, likashuka kwenye suruali yangu, likaenda mpaka kwenye viatu. Nilipofika kwenye bariyeri nilikuwa mweupe kuanzia kiunoni. Askari wa zamu alinizunguka taratibu.

"Muzee, moto yako inafula nguo?"

"Nimeinunua leo. Sijui tabia zake."

"Ngoja, niko na mashati mbili."

Akacheka mpaka akasahau kuniuliza kitu chochote, na hiyo ndiyo faida pekee niliyopata kwenye tanki lile. Nilipopangusa nikaelewa: tanki lilikuwa limetoboka, na tundu limezibwa kwa sabuni ya kipande. Sabuni huizuia petroli vizuri sana. Maji ndiyo haiyawezi. Aliyefanya kazi ile alikuwa ameweka imani yake katika kiangazi. Nikanunua sabuni nyingine dukani Mboko, nikaziba upya kwa kidole, nikimtukana mwenye pikipiki kwa Kibembe ili asipone hata neno moja.

Mvua ilipokatika, injini ikapata moto, na ikaja harufu. Mwanzoni nilidhani napita jikoni kwa watu. Nikapita jiko, nikapita mihogo, nikapita mahali pasipo na nyumba, harufu ikawa bado nami: mawese yanayochemka, tayari kupokea majani ya sombe. Bamama waliokuwa wakitoka shambani wakaniita.

"Papa! Unauzisha nini? Mikate ao samaki ya kukaanga?"

"Siuzi kitu!"

"Basi unatupitishia harufu juu ya nini?"

Nikakaza mwendo. Muda huohuo niliona mafuta meusi yakidondoka kwenye kiatu changu cha kushoto, kile ambacho povu lilikuwa limekwisha kukisafisha.

Kabla ya kuingia Nundu, mama mmoja mtu mzima alitoka mbio nyumbani kwake na sahani mikononi. Alikuwa amesikia mlio.

"Baba Elia! Baba Elia, karibu, mbona ulikuwa umepotea!"

Nikasimama. Aliponiona uso, ule uchangamfu wake wote ukaondoka, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mdai. Alibaki na sahani mkononi. Ilikuwa mihogo na samaki mukeke wa kuchoma.

"Baba Elia iko wapi?"

"Simjui, mama."

"Uko juu ya moto yake, na haumujue?"

"Niliinunua kwa komisiyoneri."

Akaitazama sahani. "Kula tu," akasema. "Nilikuwa nimeshapakula." Akaweka sahani juu ya kinu, akaenda kuketi upande mwingine wa uwanja, akatazama barabara wakati mimi nakula. Mukeke ulikuwa mzuri. Nilikula mpaka mwisho, chakula cha mtu mwingine, kwa heshima ya mtu mwingine, nikafikiri kwamba katika njia yote ile hakuna nyumba ambayo mtu angetoka mbio kwa kusikia mlio wangu mimi.

Nundu: fundi

Fundi Sadiki wa Nundu alifungua kifuniko cha injini. Akavuta kwa koleo kitu kirefu, cheusi, chenye kung'aa. Akakinusa, akanipa na mimi ninuse.

"Iyi ni pamba. Bamekoroga na mawese, bakaigongomea ndani. Muzee, iyi haiko mekanike. Iyi ni mutumbwi."

Na kweli. Nyinyi mnaokaa ziwani mmeona jinsi fundi wa mitumbwi anavyoziba nyufa za mbao: pamba na mawese, nyundo na patasi, mpaka maji yakate tamaa. Mtu fulani alikuwa ameifanyia injini yangu kazi hiyohiyo. Na si hapo tu. Chini ya turubai, kiti kilikuwa ubao wa mtumbwi, bado una rangi ya kijani na nusu ya neno NEEMA. Spoku za gurudumu la nyuma zilizokatika zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa nyavu, vifundo vizuri sana vya mvuvi. Waya wa breki ya nyuma ulikuwa kamba ya nailoni, ya kuvutia wavu.

"Basi ondoa vyote," nikamwambia.

"Nikitosha uzi, gurudumu itaanguka. Nikitosha pamba, mafuta itaanguka. Nikitosha ubao, we utaanguka. Nitoshe nini mbele?"

"Anza na kile kitakachoanguka kwa bei ndogo."

Akasema mia na ishirini. Nikamkumbusha kwamba mimi ni mfanyabiashara wa ndagala, si wa dhahabu. Akanikumbusha kwamba Fizi iko juu ya mlima na kwamba kushuka ni bure. Tulikubaliana themanini na tano, bila breki, kwa sababu waya wa breki haukupatikana Nundu nzima. Vifaa vingine vilikuja siku ya pili, juu ya pikipiki ya muuza nguo.

Kwa hiyo Alhamisi yote nilikaa Nundu. Tanki likachomelewa, pamba ikatoka, spoku zikaingia mpya. Mimi nilikuwa nikitembea kutoka kwa fundi hadi kwa mama wa bugali na kurudi. Mara ya pili aliniuliza kama nina minyoo. Sikuweza kumwambia kwamba pale kwake palikuwa na watu sita wakibishana juu ya mpira, na kwamba nilikuwa nikisubiri mmoja wao aniulize nashabikia timu gani. Hakuna aliyeuliza. Uzi wa nyavu alioutoa fundi niliukunja nikautia mfukoni. Situpi kitu nilicholipia.

Lweba: kosa la kutokohoa

Ijumaa asubuhi pikipiki ilinguruma vizuri, bila kikohozi, bila harufu ya jikoni. Hiyo ndiyo iliyoniponza. Lweba, vijana waliokuwa wakianika ndagala waliona ile nyekundu na ubao wa kijani, lakini mlio hawakuutambua, na dereva hawakumtambua. Wakasimama barabarani wamepanga mstari.

"Iyi moto ya Baba Elia! Uliiiba wapi?"

"Nilinunua!"

"Bezi bote banasemaka vile!"

Wakanipeleka, mimi na pikipiki, mpaka ufukweni kwa fundi wa mitumbwi, mzee mfupi mwenye hasira za karibu. Yeye akainama moja kwa moja kwenye injini, wala hakunisalimia.

"Pamba yangu iko wapi?"

"Pamba?"

"Nilikoroga ile pamba siku mbili! Nani alitosha?"

"Fundi wa Nundu."

"Nundu!" Akatema mate upande wa kaskazini. "Nundu banajua nini? Bako na mashamba." Kisha akawageukia vijana. "Mumuache. Baba Elia aliuzisha. Mulifikiri anaenda kuleta mahari na nini, na maganda ya mihogo?"

Nikaushika ule ubao wa kijani. "Mahari ya nani?" nikauliza, ingawa tayari nilikuwa nimeanza kujua.

"Ya Elia, mutoto wake. Kesho banapanda Fizi. Binti anaitwa Wabiwa." Akachukua nyundo yake. "Ile moto ilikuwa macho yake, Baba Elia. Na sasa mutu moja kule Makobola akamukata bei ku simu mupaka akabakia hana sauti. Komisiyoneri alisema ule mutu alikaa juu ya jiwe anakula karanga! Anakula karanga, na mwenzake analia ku simu! Mungu anamuona ule mutu."

Wote wakanitazama.

"Mimi nimeinunua kwa yule aliyenunua," nikasema.

Sauti yangu haikutetemeka. Miaka yote sokoni ilinisaidia kwa jambo moja hilo. Mzee akanionea huruma, akasema basi na mimi nimeibiwa, akanipa ndagala wabichi kwenye jani. Niliondoka nikiwa nimeelewa hesabu yote. Kila dola niliyoikata pale Makobola nilikuwa nimeikata kwenye mahari ya Wabiwa. Na kesho yake ningeketi mbele ya mtu yuleyule, kumwambia kwamba alicholeta ni kidogo.

Baraka: chumba cha upande wa barabara

Nilifika nyumbani mchana. Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta pikipiki nyingine, yoyote, ili ile ibaki imefungiwa ndani. Nikazunguka kituo chote. Zilizokuwa nzima zilikuwa zimekodiwa na watu wa Lweba kwa ajili ya kupanda Fizi. Iliyobaki haikuwa na gurudumu la mbele, na mwenyewe alikuwa tayari kujadili.

Nikataka kunyoosha shati. Kwenye chumba cha Wabiwa nilitafuta pasi nikakuta bado kuna daftari zake za shule na kitenge alichokisahau. Nilifikiri nimpelekee hicho kitenge. Kisha nikafikiri kwamba nikikipeleka, chumba kitakuwa kimekwisha kabisa. Nikakiacha. Nikapika wale ndagala wa Lweba, nikala nusu, nusu nikaifunika, kama kwamba kuna mtu angechelewa kurudi.

Baraka hadi Fizi: nyuma ya mihogo

Jumamosi niliondoka kukiwa kumepambazuka tu. Mto Mutambala nilivuka vizuri. Baada ya hapo barabara inapanda, inashuka, inapanda tena, na kwenye kila mteremko ile breki ya nailoni ilinyooka kama ulimi wa mtu mchovu. Nilisimamisha kwa viatu. Soli ya kushoto iliisha kwanza kwa sababu ilikuwa imelainishwa na mafuta.

Kwenye mlima wa tatu mnyororo ukakatika. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hata wenyewe ulikuwa minyororo miwili ya pikipiki mbili tofauti, iliyooana kwa nguvu. Fundi Sadiki hakuuona, au aliuona akaheshimu bei yetu. Nilikuwa nimeinama juu yake, mikono myeusi, niliposikia kwa chini nyimbo.

Lilikuwa lori la watu wa Lweba. Nyimbo, vigelegele, ngoma, mbuzi wakilia katikati. Wakinikuta pale na ile nyekundu ingekuwa kesi njiani, kabla ya kesi yenyewe. Nikaisukuma ndani ya shamba la mihogo, nikachuchumaa nyuma yake. Lori likapita. Niliwaona kati ya majani: bamama wamevaa kitenge kimoja, wazee wameshikilia kofia, kijana mmoja mwembamba amevaa koti zito, anatokwa jasho, anatabasamu peke yake. Nikajua huyo ndiye Elia. Wote walikuwa pamoja. Mimi, upande wa binti, ule unaopaswa kupokea, nilikuwa nimejificha kwenye mihogo na mende shingoni.

Walikuwa mbele yangu sasa. Nikatoa uzi wa nyavu mfukoni. Nikaupitisha kwenye mnyororo, mara kumi na tano, nikafunga kifundo kama nilivyokiona kwenye spoku, nikapanda mlima kwa gia ya kwanza nikiiomba pikipiki msamaha kwa Kibembe kilekile.

Fizi: kimya cha mukwe

Nilifika wageni wakiwa bado wananawa mikono. Pikipiki nikaizungusha nyuma ya jiko la bibi, nikaifunika kwa mikeka miwili na ungo. Nikanawa, nikaketi kwenye kiti cha mjomba. Kilikuwa hakijakaliwa na mtu.

Kwetu baba wa kijana hasemi siku hiyo. Anasemewa. Baba Elia alikuwa ameketi nyuma ya msemaji wao, mtu mpana, mikono yake juu ya magoti. Msemaji alikuwa fundi katika kazi yake.

"Tumekuja na mbuzi sita na dola mia mbili na makumi munane. Tulitaka kuleta zaidi. Lakini huyu muzee aliuzisha moto yake, na mutu wa Makobola, mwizi mwenye kalamu, akamukata."

Watu wa upande wangu wakalia "oooh" kwa masikitiko. Nami nikalia "oooh". Bibi akanisukuma kwa kiwiko: anza.

Nilifungua mdomo. Kazi hii naijua. Ilitakiwa niulize kama mbuzi sita ni wa kuonja, niulize kama Lweba ziwa limekauka, niinuke nijifanye kuondoka. Nikamwona Baba Elia anaangalia chini.

"Mbuzi wamefika wazima?" nikauliza.

"Bazima."

"Basi tunapokea."

Bibi alinigeukia, sauti yake yote kwenye pua: "Tulikuita kwa kazi gani?" Na baadaye, wakati wa kula, alimwambia kila mama aliyepita kwamba yule anayesemwa Baraka nzima kuwa anakata bei mpaka mifupa, ni uongo, ni mtu wa kawaida tu. Jina langu la miaka ishirini lilikwisha kabla ya sahani ya pili.

Ilitakiwa Wabiwa ashuke nao siku hiyohiyo, maana barabara na majira havichezewi. Lakini dereva wa lori alikuwa amepakia magunia ya mihogo, na bibi arusi hawekwi juu ya magunia. Pikipiki zilizokodiwa zilikuwa zimekwisha kujaa wazee. Wakaanza kubishana. Ndipo bibi akapaza sauti kutoka mlangoni:

"Si mujomba alikuja na moto? Nilisikia ikilia kule nyuma ya jiko!"

Vijana wakakimbia, wakatoa ungo, wakatoa mikeka.

Baba Elia alisimama, akaenda mpaka kwenye pikipiki, akaweka mkono juu ya ule ubao wa kijani. Kisha akainama, akaona kifuniko kipya, spoku mpya, tanki lililochomelewa.

"Nani aliiharibu hivi?" akauliza.

Akanitazama, kwa mara ya kwanza.

"Ulinunua kwa nani, mukwe?"

"Kwa mtu wa Makobola."

"Mubaya sana ule mutu."

"Mbaya kabisa," nikasema.

Akaendelea kunitazama kidogo, akavua koti. Akaomba spana. Akaomba pamba, wakampa ya kwenye mto wa bibi. Akaomba mawese jikoni. Na mbele ya macho yangu, akiwa na shati jeupe la mahari, mukwe wangu alifungua dola themanini na tano za Fundi Sadiki moja baada ya nyingine. Alitoa karatasi nzuri ya kuzibia, akaitupa, akagongomea pamba. Alifunga spoku mpya kwa uzi, ingawa zilikuwa nzima. Kifundo changu cha mnyororo alikiangalia kwa muda mrefu zaidi, akakikaza, hakukifungua.

Nanyi mnajua desturi. Mahari ikishapokelewa, mukwe hasahihishwi, hajadiliwi, haambiwi bei. Mimi ambaye sijawahi kunyamaza mbele ya mtu anayeharibu mali yangu, nilisimama nimefumbata mikono nyuma kama mtoto wa kwaya.

Wabiwa akaja kando yangu, amefunikwa kitambaa, akaninong'oneza: "Mjomba, sema kitu basi."

"Siwezi. Ni mukwe."

Alicheka ndani ya kitambaa mpaka mabega yakatikisika. Kisha mabega yakaendelea kutikisika na haikuwa tena kicheko.

"Nani atakula na wewe?" akauliza.

"Ninauza ndagala. Wateja hawaishi."

"Sikuuliza hivyo."

Elia akawasha. Ikakohoa, ikajibu. Wabiwa akapanda nyuma, juu ya ule ubao, akashika koti la mumewe, na harufu ya mawese ikatanda uwanja mzima. Watu wa Lweba wakashangilia kama wamemwona ndugu aliyekuwa hospitali. Walishuka, wakapotea kwenye kona ya kwanza. Mlio ulibaki kidogo zaidi yao.

Kurudi

Nilishuka na lori, juu ya magunia, katikati ya watu wa Lweba. Waliimba. Mmoja alinipa nusu ya muhindi. Baraka nilishuka peke yangu, wakaniaga kwa mkono bila lori kusimama vizuri, wakaendelea.

Sasa ni wiki ya tano. Habari ninazo: walifika salama, tanki tu ndilo lilivuja kidogo palipochomelewa, Baba Elia akaweka sabuni. Kila asubuhi anabeba nayo ndagala, na jioni anamleta Wabiwa kutoka shambani. Wabiwa amenipigia mara mbili. Hakusema neno juu ya kuirudisha, nami sikuuliza, kwa sababu nilisikia kwa nyuma sauti ya baba mkwe wake akiuliza, "Ni mujomba? Musalimie sana."

Kuidai siwezi, nimeeleza kwa nini. Kuikodisha kwake, je? Hiyo ni matusi. Kuisahau kunanishinda, mimi si mtu wa kusahau mia tatu na kumi pamoja na themanini na tano. Na nikienda Lweba kuitazama tu, kama mtu anayetembelea mwanawe, je, ni sahihi kwenda mikono mitupu, au wataona nimefuata mali? Nyinyi mliokwisha kuoza mabinti mnayajua haya kuliko mimi, niambieni mtu anasemaje, na anaanza na neno gani.

Mchana niko sokoni, jioni niko nyumbani, mlango wa upande wa barabara haufungwi. Mwenye jibu apite. Asiye nalo apite pia.